Bundi akilia usiku



Wazee wa Ayalandi, huko Ulaya, walisimulia habari za mwanamke asiye binadamu waliyemwita banshee. Yeye hufuata koo za zamani, hasa zenye majina yaanzayo kwa O na Mac, na mtu wa ukoo akikaribia kufa husikika usiku akilia nje ya nyumba. Walisema huchana nywele zake ndefu. Basi mtoto akiona kitana njiani alikatazwa kukiokota. Kumbe wako wanaosema kilio kile ni cha bundi mweupe tu.

Ndugu yangu, usicheke. Bundi wa namna hiyo yuko hata kwetu. Tena Mwairishi hakusema kwamba banshee ndiye anayeua: anaomboleza tu pamoja na ukoo. Sisi, bundi akilia juu ya paa, asubuhi tunatafuta nani aliyemtuma. Na anayepatikana ni mama mzee, mjane, asiye na mtoto wa kumtetea.

Mtume (s.a.w.) alikataza kumfanya ndege kuwa dalili ya mkosi. Na Sura Luqman inatufundisha kwamba hakuna nafsi ijuayo itafia ardhi gani. Wewe hujui, bundi ajue? Yeye anatafuta panya.

Kama mtaani kwako yuko mama ambaye watu wameacha kumsalimia, leo baada ya swala pita kwake. Kaa, unywe maji yake.