Mlembe, Asali na Swali la Nipe Nikupe



Mara nyingi kati yetu tunasikia mtu akisema, "Sitaki kuwasumbua, sina cha kuwalipa." Mwingine naye husema kwa uchungu, "Tulimpokea alipofika, leo hata simu hapigi." Kauli zote mbili zinatoka kwenye swali moja: je, msaada unaotarajia kurudishiwa ni msaada kweli, au ni biashara tu? Jumapili hii tulitafakari kwa kumtazama ndege mmoja wa kwetu Afrika.

Ndege huyo ni mlembe. Ni mdogo, hana rangi za kujionyesha, na anapenda sana nta ya nyuki. Shida yake ni kwamba nta imo ndani ya shina la mti au mwanya wa mwamba, na nyuki wanauma. Mwanadamu ana moto, moshi na shoka, lakini hajui nyuki wako wapi. Basi mlembe humwita kwa kelele, huruka mti hadi mti, humngoja, mpaka amfikishe. Mtu hurina asali. Ndege hula nta na mabuu.

Si hadithi ya kubuni. Mmisionari Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala mwishoni mwa miaka ya 1500, aliandika kuhusu ndege hawa walioingia kanisani mwake kula nta ya mishumaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba Waborana wa kaskazini mwa Kenya walitafuta asali kwa wastani wa karibu saa 9 bila ndege, na saa 3 hivi wakiongozwa naye. Huko Niassa, Msumbiji, Wayao humwita kwa mlio waliofundishwa na baba zao. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mlio huo uliongeza uwezekano wa kupata nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54, ukilinganishwa na sauti nyingine.

Ndege hafanyi hivyo kwa kumhurumia mtu, wala mtu hamfuati kwa huruma. Kila mmoja anatafuta chakula chake, na wote wawili wanashiba. Kwa hiyo tusiidharau nipe nikupe. Sisi wauguzi tunajua kwamba hata mwili unaishi hivyo. Hapa Australia wazazi hushauriwa mtoto mchanga apewe vitamini K anapozaliwa, ili asije akavuja damu. Sababu mojawapo ni kwamba utumbo wake bado hauna bakteria wa kumtengenezea sehemu ya vitamini hiyo. Anayesema hataki deni la mtu alikuwa na deni tangu siku ya kwanza.

Lakini malipo yana namna zake. Wayao humwekea mlembe nta juu ya majani, kama ujira wake. Kati ya Wahadzabe wa Tanzania, wako wanaoichoma au kuifukia nta, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuwaongoza. Hatuwahukumu; asali ni sehemu kubwa ya chakula chao na wanamjua ndege wao kuliko sisi. Ila tukifanya hivyo kwa binadamu ni dhambi. Ndugu aliyeletwa alee watoto, anaambiwa kila mwezi "ngoja kwanza", na hasaidiwi kujifunza Kiingereza wala kutafuta kazi ili asiondoke. Huyo tumemfukia nta. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Tena maumbile si mchungaji wetu. Mlembe huyu huyu hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda lake huua makinda ya mwenye kiota kwa ncha kali za mdomo wake. Nipe nikupe inamjali mwenye kitu tu. Mwenye kiota hana nta ya kutoa, basi huibiwa.

Hapo ndipo tunapopata jibu letu. Kurudishiana ni jema, lakini halitoshi. Anayetufaa tumlipe kwa haki, bila kumweka na njaa. Na asiye na cha kurudisha, kama bibi aliyepoteza kumbukumbu, baba aliyepooza, au familia ambayo bado haijapata kibali cha kufanya kazi, tusimwandikie deni. Upendo unaanza pale hesabu inapoishia.

Nanyi mnaoona aibu kupokea, kumbukeni kwamba mlembe huita, na Myao naye huita. Bila sauti hakuna anayejua. Mji huu ni mpana. Wa Blacktown hawezi kujua kwamba wa Liverpool amelala njaa au ametoka zamu ya usiku na hana wa kumpeleka mtoto shule. Semeni. Kisha toeni mlicho nacho, hata kama ni kuwafundisha watoto wetu Kiswahili au kumwombea mgonjwa.

Wiki hii kila nyumba ijiulize mambo mawili: ni nani anayetuongoza penye asali na hatujampa nta yake? Na ni nani tumeacha kumtembelea kwa sababu hana cha kutupa?

Tunawatakia Jumapili njema. Mungu awabariki.