Kesho Iliyokwisha Kuchorwa

John Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Mwaka 1969 alichapisha African Religions and Philosophy, kitabu ambacho wanafalsafa wa Afrika hawajaacha kukigombania. Humo aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayatwika mzigo mkubwa: alidai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una sehemu hizo mbili tu. Sasa ni yale yanayotendeka, yaliyotendeka juzijuzi na yaliyo mlangoni kutendeka. Zamani ni ghala kuu ambamo kila kitu huishia. Kesho ya mbali haina nafasi, kwa kuwa tukio ambalo halijatokea si sehemu ya wakati. Likiwa la hakika, mfano msimu wa mvua, basi ni wakati unaotarajiwa tu, haujawa wakati wenyewe. Ushahidi aliutoa kwenye vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, ambavyo kwa hesabu yake havifiki mbele zaidi ya miaka miwili hivi.

Waliompinga ni wengi, Kwame Gyekye wa Ghana akiwa mmoja wao. Na mkulima wa Kwa Vonza, Kitui, anayetia mbegu kwenye udongo mkavu mwezi Oktoba, akitegemea mvua za Novemba, angekuwa na haki ya kumwuliza Mbiti kama hiyo si kesho aliyoishika mkononi. Ugomvi huo siuamui. Nataka kuupeleka mahali pengine kabisa: kwenye ukurasa wa katuni, yaani hadithi ya picha zilizofuatana, kwa maana hapo kesho hufanya jambo ambalo haiwezi kulifanya penginepo.

Tuchore moja papa hapa Kwa Vonza, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, katika soko lililochangamka tangu taasisi ya zamani ya kilimo ya Ukambani ilipogeuzwa chuo kishiriki mwaka 2008, kisha Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya mwaka 2013. Visanduku vitatu vinatosha, wala maneno hayahitajiki. Katika cha kwanza, mama ametandaza ndengu juu ya turubai mbele ya duka lake ili zikauke; mbuzi amesimama kando, anatazama upande mwingine kwa adabu inayotia shaka. Katika cha pili, mama amegeuka, simu sikioni. Katika cha tatu turubai ni tupu, mama ameshika kiuno, na mbuzi yuko palepale, anatazama kulekule, ila tumbo limemvimba.

Mbuzi amekula wapi? Pekua karatasi yote, hutaona mdomo wake ukigusa hata punje moja. Lakini mwulize yeyote aliyeitazama katuni hiyo, atakuapia kwamba mbuzi alizila. Kati ya kisanduku cha pili na cha tatu kuna ufito mwembamba wa karatasi nyeupe, na karamu yote imefanyika humo, bila wino. Mchoraji Mmarekani Scott McCloud, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu sanaa hii, alieleza vizuri kwamba msomaji ndiye anayelikamilisha tendo lililoachwa katika pengo hilo. Nakubaliana naye, ila naona jambo lina uzito zaidi ya ufundi wa kuchora. Mwaka 1748 David Hume aliandika kwamba kamwe hatuoni sababu yenyewe ya jambo. Tunaona hili, kisha tunaona lile, na akili kwa mazoea inayafunga pamoja na kusema hili limeleta lile. Katika maisha ni vigumu kumwamini, kwa sababu siku hutujia bila mishono inayoonekana. Katuni imeichora mishono. Ukitaka kumwelewa Hume bila kuumwa na kichwa, mtazame yule mbuzi.

Wakili hodari angeweza kumtetea. Labda kuku walipita. Labda mama mwenyewe alizianua ndengu zake, akasahau. Na lile tumbo? Mbuzi ana mimba. Tunaucheka utetezi huo kwa kuwa tumekwisha kuhukumu, na hukumu hatukuisoma popote. Tumeitunga wenyewe, upesi kiasi cha kutojiona tukiitunga. Sasa mwondoe mbuzi, uweke kijana mwenye nguo zilizochakaa na mifuko iliyovimba. Visanduku ni vilevile, pengo ni lilelile. Msomaji mmoja atamwita mwizi. Mwingine, aliyewahi kulala njaa, ataanza kujiuliza mama yule alikuwa akidaiwa mshahara na nani. Karatasi haikumwambia yeyote kati yao neno. Kila mmoja amejaza pengo kwa alichokuja nacho kutoka nyumbani, kisha akaapa kuwa amekiona kwa macho yake. Wachoraji wa siasa kama Gado na Maddo wameijua siri hiyo kwa miaka mingi: katuni yao ya kisanduku kimoja huwa na pengo pia, isipokuwa pengo hilo limewekwa kati ya mchoro na habari uliyoisikia jana redioni. Usipoisikia habari, huoni cha kuchekesha.

Haya yote yanategemea jicho kuanzia kushoto, jambo ambalo si sheria ya mbingu. Mzee wa Lamu aliyelelewa katika kurasa za herufi za Kiarabu akianzia kulia, atakuta mbuzi mwenye tumbo kubwa amesimama kando ya turubai tupu. Mama anapigiwa simu. Halafu turubai inafurika ndengu na mbuzi amekonda. Huo ni muujiza wa mbuzi anayezaa ndengu, na katuni imekuwa ya dini. Wajapani huchora vitabu vizima kwa mwelekeo huo, na hakuna anayepotea. Kumbe wakati haukuwa umekaa ndani ya picha. Ulikuwa katika mwendo wa jicho.

Gotthold Lessing wa Ujerumani alikuwa ameweka mpaka mwaka 1766: picha ishughulike na vitu vilivyokaa pamoja mahali, ushairi ushughulike na matendo yanayofuatana katika wakati. Haikupita miaka sabini kabla Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva, hajaanza kuchapisha visa vyake vya michoro iliyofuatana, na mpaka ukavukwa kwa kicheko. Lessing alisahau kwamba mahali panaweza kutumika kama wakati, mradi mtu akubali kutembea.

Nirudi kwa Mbiti. Unapoanza kusoma kisanduku cha kwanza, cha tatu kimekwisha kuchorwa. Kiko kwenye karatasi ileile, umbali wa vidole vichache, na pembe ya jicho tayari imekiona. Sanaa nyingine za kusimulia huificha kesho. Bibi anayesimulia hadithi za Sungura na Fisi usiku ameiweka kesho kifuani mwake. Sinema huificha gizani. Riwaya inayo kwenye kurasa za mbele, lakini imeifunika kwa herufi, na herufi hazitazamwi kwa mkupuo. Katuni peke yake huiweka kesho hadharani kisha humwomba msomaji awe na adabu. Taharuki ya katuni ni ya kujizuia: tunajua kwamba tunaweza kuangalia, nasi hatuangalii, au tunaangalia na kujifanya hatukuona.

Kesho ya namna hii Mbiti angeiweka wapi? Si tukio ambalo halijatokea, maana wino umekauka. Wala si Zamani, kwa kuwa kwangu mimi msomaji bado haijanifikia. Si kama mvua zinazotarajiwa pia, kwani mvua huweza kukosa, na Kitui wanalijua hilo kuliko wengi. Kisanduku cha tatu hakikosi. Nadhani hapa Mbiti amekuta mlango ambao mgawanyo wake hauna ufunguo: lipo jambo linaloweza kuwa tayari bila kuwa limetokea. Kiko kisanduku, wakati wake haupo, mpaka mtu afike nao. Wanafunzi wawili wakisoma nakala moja ya Shujaaz, gazeti la katuni la Sheng lililoanza kugawiwa bure mwaka 2010 pamoja na magazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, yule mwepesi wa kusoma yuko chini ya ukurasa, mwenzake yuko juu. Boyie, mhusika wa gazeti hilo, ni mmoja kwenye karatasi moja, lakini anaishi sasa mbili.

Ukambani ina mtu wake aliyeona namna hii. Masimulizi yanasema Syokimau, nabii wa kike, aliona nyoka mrefu atokaye maji hadi maji akitoa moshi na moto, muda mrefu kabla ya reli kuanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Mara nyingi anatajwa kama hoja dhidi ya Mbiti: tazama, Mkamba alijua kesho. Mimi naona ushahidi wa jambo jingine. Syokimau alionyeshwa kisanduku cha mwisho tu. Hakuonyeshwa pengo: vibarua walioletwa kutoka India, simba wa Tsavo wa mwaka 1898, kodi, ardhi iliyochukuliwa. Unabii ni kuuona ukurasa kwa pembe ya jicho. Uchungu wote uko katika ufito mweupe, na huo haukuchorwa kwa ajili ya mtu yeyote. Siku hizi stesheni ya treni nje ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2012, inaitwa kwa jina lake, na abiria wanaokimbilia kiti hawana habari na nyoka.

Mchoraji naye hukabiliwa na shida hiyo kwa upande wa pili, kwa kuwa yeye anaijua kesho na hana pa kuificha. Miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi wa Terry Hirst uliziweka ngano za Kenya katika visanduku, kikiwemo kisa cha Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zilikuwa kivulini. Msimulizi wa mdomo hana taabu: kivuli hakitaji mpaka siku ya usaliti. Lakini ukimchora Lwanda juani, kivuli awe nacho au asiwe nacho? Ukikichora tangu ukurasa wa kwanza, siri iko chini ya miguu yake kila wakati, na msomaji anaitazama bila kuiona. Usipokichora, umemdanganya. Sijui sanaa nyingine inayoweza kuiweka siri wazi namna hiyo.

Halafu kuna wahusika wa katuni wasiokuwa na Zamani hata kidogo. Juha Kalulu wa Edward Gitau alianza miaka ya 1950 na akaendelea katika gazeti la Taifa Leo kwa miongo mingi. Serikali zilibadilika, bei ya unga ikapanda, Gitau akazeeka. Juha hakuzeeka. Kwa Mbiti, mtu hutoka Sasa kuingia Zamani polepole: hufa, lakini hubaki hai kwa jina mpaka afe wa mwisho aliyemfahamu. Juha hana pa kuanzia safari hiyo. Kila asubuhi kisanduku chake cha kwanza hakikumbuki kipigo cha jana, na pengo kati ya gazeti la leo na la kesho, lenye upana wa usiku mzima, halimwachi na kovu. Wasomaji walizeeka kwa niaba yake.

Wanafunzi wengi sasa husoma katuni kwenye simu, kisanduku kimoja kimoja, wakivuta juu kwa dole gumba. Watu huona hilo kama badiliko la karatasi tu. Mimi naona ni sanaa nyingine. Pengo limebaki, hata limepanuka, na lina kasi ya kidole. Kilichoondoka ni kile kisanduku cha tatu kwenye pembe ya jicho, pamoja na adabu yake. Mchoraji anayechorea simu hana tena upande wa kulia wa ukurasa. Ana chini peke yake, na cha chini hakionekani mpaka ukivute.