Je, Ni Haki Kumtaja Mwuaji Pasipo Ushuhuda?



Juma lililopita, tulipomaliza fundisho la amri ya nane, kijana mmoja katika wakatekumeni wangu alisimama akauliza: «Mwalimu, umesema tusimshuhudie jirani uongo. Lakini wazee wetu wote hunena ya kuwa Bwana Hammarskjöld aliuawa na Wazungu wa Katanga pamoja na wenye migodi. Nami nikisema vivyo hivyo, je, nimekosa?» Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali ni zito, na siku ile sikumjibu ipasavyo. Najaribu kumjibu hapa.

Kwanza tukumbuke jinsi mambo yalivyokuwa. Dag Hammarskjöld, mtu wa Sweden, alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Katika mwezi wa Septemba 1961 askari wa Umoja huo walikuwa wakipigana na askari wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo. Tarehe 17 Septemba alipanda ndege Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, aende Ndola katika Rodezia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, akaonane na Moïse Tshombe wasimamishe vita. Karibu na usiku wa manane rubani aliwaambia watu wa uwanja wa Ndola ya kuwa anaziona taa zao. Baada ya hapo hakusikika tena. Ndege ilianguka msituni, yapata kilometa 15 kutoka uwanjani, ikateketea. Walikuwamo watu 16. Mmoja tu, mlinzi aliyeitwa Harold Julien, aliokotwa akiwa hai, naye akafa hospitalini siku chache baadaye.

Basi wazee wetu husema nini? Husema: alikuwa na adui wengi. Ni kweli. Walowezi wa Rodezia hawakumpenda. Wenye kupata faida katika madini ya Katanga hawakumpenda. Askari wa kukodiwa walimchukia. Katanga ilikuwa na ndege ya vita, nayo siku zile zile ilikuwa ikiwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo watu hukata shauri: waliomchukia walikuwapo, chombo kilikuwapo, na mtu amekufa, kumebaki nini tena?

Kumebaki jambo lenyewe. Mwenye chuki ni mtu wa kuulizwa maswali, si mtu wa kuhukumiwa papo hapo. Hili nalijua kwa aibu yangu mwenyewe. Katika kijiji nilichokaa nilipoanza kazi hii, mtoto mmoja alifariki kwa homa. Mwezi uliotangulia, mzee jirani alikuwa amegombana na baba wa mtoto kwa ajili ya mbuzi walioingia katika muhogo wake, akasema maneno makali mbele ya watu. Mtoto alipokufa, maneno yale yalikumbukwa. Hapakuwa na mtu aliyemwona mzee akitenda lolote. Lakini kila mtu alikumbuka ugomvi. Walipokuja kuniuliza, sikusema ndiyo wala siyo. Nilitikisa kichwa tu, nao wakachukua kichwa changu kuwa ni shahidi. Mzee akavuka mto na vyungu vyake. Baada ya majuma mawili mwuguzi wa dispensari alikuta surua katika nyumba nyingine tatu, na ndiyo iliyokuwa imemwua yule mtoto. Tulimtumia mzee habari arudi. Hakurudi.

Turudi Ndola. Katika miili ya baadhi ya walinzi zilionekana risasi. Habari hiyo ilipotoka, wengi walisema: «Mnaona? Walipigwa risasi.» Na kweli, mtu asikiaye hivyo atauliza nini tena? Lakini wataalamu waliuliza. Risasi ikipita katika mtutu wa bunduki hupata michirizo, kama vile mti unavyopata alama ya tezo. Risasi zile hazikuwa na michirizo hiyo. Kumbe walinzi walikuwa wamechukua risasi zao wenyewe, nazo zilipasuka katika moto. Angalieni, ndugu: risasi ni za kweli, miili ni ya kweli, na aliyesimulia hakusema uongo. Kosa liko katika hatua ile fupi kutoka «zilikuwamo» mpaka «walipigwa». Hatua hiyo ni fupi hata mtu haioni anapoivuka.

Lakini nisije nikafikiriwa ya kuwa nawatetea wakubwa. Karibu na mahali pale walikuwapo wachoma makaa na wakaaji wengine, Waafrika. Baadhi yao walisema ya kuwa waliona ndege ya pili angani, au waliona moto kabla ndege haijaanguka. Tume ya serikali ya Rodezia iliwasikiliza kidogo, ikawaweka kando, ikahukumu katika mwaka 1962 ya kuwa rubani alikosea. Julien naye, kitandani pake, alisema ndege ililipuka. Wakasema ni maneno ya mgonjwa. Je, huko ndiko kupima ushuhuda? Shahidi hakataliwi kwa sababu ya kazi yake ya makaa wala kwa rangi ya ngozi yake. Huulizwa alisimama wapi, aliona nini, wakati gani, na kama mwingine aliona vile vile. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka ule ule wa 1962, haikuthubutu kukata shauri: ilisema haiwezi kuthibitisha shambulio wala kulikana.

Jambo halikuishia hapo. Mwaka 1998, katika Afrika ya Kusini, Askofu Mkuu Desmond Tutu alionyesha barua zilizonena juu ya mpango wa kumwua Hammarskjöld. Wengi walisema: sasa yamekwisha. Lakini zilikuwa nakala, wala waliochunguza baadaye hawakuweza kuhakikisha ya kuwa ni barua za kweli. Mwanajeshi mmoja wa bahari wa Marekani, aliyekuwa Kupro usiku ule, alisema alisikia sauti ya rubani akiishambulia ndege. Ushuhuda wake una uzito, nami siudharau. Lakini sauti yenyewe iliyonaswa haijaletwa mbele ya watu. Wengine walisimulia ya kuwa fulani alikiri mbele ya fulani. Maneno yaliyopita vinywa vitatu ni maneno ya kinywa cha tatu.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimweka Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, aongoze uchunguzi mpya, naye ameuendeleza kwa miaka mingi. Kazi yake inanipendeza, kwa kuwa kila ushuhuda aliupa kipimo chake: huu hauna nguvu, huu ni dhaifu, huu una nguvu ya kadiri. Hakutupa kapu zima kwa ajili ya yai moja bovu, wala hakuyala yote. Mwaka 2017 aliandika ya kuwa yaelekea inawezekana shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa sababu ya ajali, ama kwa kuipiga ndege, ama kwa kuwashtua marubani walipokuwa wakishuka. «Inawezekana,» asema. Hakusema «ndivyo.» Na juu ya kosa la rubani vile vile hakufunga mlango.

Hapa kijana wangu alinikatiza: «Lakini, Mwalimu, serikali zinaficha barua zao. Anayeficha ndiye mwenye hatia.» Kuficha ni ubaya, hilo nakubali. Othman mwenyewe amelalamika ya kuwa serikali chache, ambazo yaelekea zina habari za usiku ule, hazijatoa zote. Lakini fikirini. Mtu akikosa barua, asema: «Ndiyo dalili, wameificha.» Akiipata barua isiyomtaja mwuaji, asema: «Ndiyo dalili, wameibadili.» Mtu huyo ataonyeshwa nini hata akiri ya kuwa amekosea? Hakuna. Na neno lisiloweza kukosolewa na kitu chochote haliwezi pia kutegemezwa na kitu chochote. Tena wenye serikali huficha kwa sababu nyingi: pengine uuaji, pengine wizi mwingine kabisa, pengine aibu ya kuonyesha ya kuwa walikuwa wakisikiliza kwa siri maneno ya marafiki zao.

Kinyume chake, msidhani kila mashaka ni upumbavu. Mwaka ule ule wa 1961, tarehe 17 Januari, Patrice Lumumba aliuawa katika Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Tarehe 13 Februari waziri wa Katanga, Godefroid Munongo, alitangaza ya kuwa walitoroka kifungoni wakauawa na wanakijiji. Watu wengi hawakusadiki, nao walikuwa na haki. Hilo lilijulikanaje? Si kwa kupaza sauti. Barua zilifunguliwa, wenye kushiriki waliulizwa, siku na saa zikalinganishwa, na mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ikasema ya kuwa mawaziri na watu wengine wa Ubelgiji walikuwa na daraka la kimaadili katika kifo kile. Mwaka 2022 jino lake, lililokuwa limechukuliwa na polisi mmoja Mbelgiji, lilirudishwa kwa watoto wake. Wanakijiji wale, waliosingiziwa damu hiyo bila hata kijiji chao kutajwa, walitakaswa kwa njia ile ile iliyowafunua wenye hatia.

Kwa hiyo namjibu kijana wangu hivi. Ukisema, «Nadhani Hammarskjöld aliuawa, na sababu zangu ni hizi na hizi,» hujakosa. Mimi pia, nikiwapima wachoma makaa pamoja na maneno ya Julien, naelekea upande huo. Lakini ukisema, «Fulani alimwua,» umekwisha kusimama barazani kama shahidi wa jambo ambalo hukuliona. Wala usiseme ya kuwa hao ni wafu wa zamani, wasiodhurika. Wana wajukuu; na ulimi uliozoea kuhukumu wa mbali hauoni shida kumhukumu mwenye shamba la pili.

Akaniuliza tena: «Na kama barua zile hazitafunguliwa kamwe?»

Nikamwambia: Basi tutakufa bila kujua.

Jibu hilo halikumpendeza. Mimi pia halinipendezi.