Je, Pombe Ina Tabia?

Mtu akiwatukana wazee au akimpiga mkewe baada ya kulewa, utetezi husikika haraka: "Si yeye, ni pombe." Kauli hii ina huruma, lakini inabeba dai zito kwamba pombe ina tabia yake, na kwamba tabia hiyo humwingia mnywaji ikachukua nafasi ya yake. Dai hili halisimami.

Tuchukue mfano wa ajono, pombe ya wimbi inayonywewa na Wateso wa Merikit, wilayani Tororo, na ndugu zao wa Busia upande wa Kenya. Unga wa wimbi huloweshwa na kuvundikwa kwa siku kadhaa, hukaangwa hadi uwe kahawia, huanikwa, kisha huchanganywa na kimea na maji ili uchachuke. Hapo kazi ya mpishi imekwisha, lakini pombe bado haijakamilika. Watu huketi kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kwenye ncha, na maji ya moto huongezwa tena na tena. Bia ya mtindo wa Kiskoti, inayosifiwa kwa ladha ya kimea, hutoka kwa mtengenezaji ikiwa na ukali wake tayari. Ukali wa ajono huamuliwa pia na walioketi: maji yameongezwa mara ngapi, na chachu mpya imetiwa au la.

Chungu kilekile huwapatanisha majirani waliogombana, huwakutanisha waliolima pamoja, na humlipia mtoto wa mpishi karo. Chungu hichohicho hummaliza baba aliyeuza wimbi la chakula cha nyumbani. Kama tabia ingekuwa ndani ya pombe, matokeo yasingetofautiana hivi.

Mpinzani atasema kwamba kileo hulegeza akili, na aliyelegea hachagui. Ni kweli: pombe ina nguvu. Lakini nguvu si tabia. Mto uliofurika una nguvu pia, ila hatuulaumu kwa ukatili. Tunamuuliza aliyeuona umefurika akaingia. Mlevi naye alichagua kabla ya kulewa, hasa kama anajua alivyofanya mara iliyopita.

Hata hivyo, lawama haimwishii yeye. Kwenye chungu cha pamoja hakuna anayelewa kwa siri. Yupo aliyemsogezea kijana mrija, yupo aliyetia chachu mpya alipoona mwenzake amezidiwa, na wapo waliocheka badala ya kumsindikiza nyumbani. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Lakini mara nyingi huchuma nao pia, na wanaolila zaidi ni watoto ambao hawakuketi pale.

Kwa hiyo tunaposema "ni pombe," hatumwokoi mlevi peke yake. Tunajiokoa sisi tulioketi naye.