Haki ya Msimuliaji: Kisasili cha Gĩkũyũ na Mũmbi Mikononi mwa Watunzi Wawili

Je, msimuliaji wa kisasa ana haki gani ya kugeuza kisasili ambacho hakukitunga yeye? Swali hili limezoeleka katika uhakiki wa visasili vya Kiyunani. Hapa tunaliuliza kuhusu Mukurwe wa Nyagathanga.

Katika *Facing Mount Kenya* (1938), Jomo Kenyatta anaeleza kwamba Gĩkũyũ na Mũmbi walijaliwa mabinti tisa bila mwana wa kiume. Gĩkũyũ akamlilia Mungu, akatoa kafara, na vijana tisa wakatokea penye mkuyu. Vijana hao hawana kwao. Ni zawadi, basi. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika *Kenda Mũiyũru*, iliyotolewa mwaka 2018 na East African Educational Publishers (wachapishaji waliowahi kuwa na ofisi zao Westlands), anauondoa muujiza huo. Mahali pake wanakuja wachumba 99, waliosafiri kutoka mbali kwa kusikia sifa za mabinti.

Anayedai kwamba haya ni mapambo ya mtunzi tu hajasoma vyema. Iwapo baba za koo walikuwa wageni, basi damu inayoitwa safi ilichanganyika tangu siku ya kwanza. Katika nchi ambamo watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hilo si jambo dogo.

Wahafidhina watasema mapokeo yasiguswe. Lakini Kenyatta naye aliyagusa: aliyaandika kwa Kiingereza, akiwa mwanafunzi wa Malinowski jijini London, huku suala la ardhi iliyonyakuliwa likiwa mbele ya macho yake. Msimuliaji asiye na shauri lake hatujawahi kukutana naye.

Hata hivyo, uhuru huo una deni, nalo linaonekana kwa Warigia, binti wa kumi. Mila iliepuka kuwahesabu watu barabara, hivyo kumi wakaitwa "tisa kamili". Ngũgĩ anamtoa Warigia katika kivuli hicho na kumpa nafasi kubwa. Tendo la haki, bila shaka. Ila amemfanya asiyeweza kutembea, na wachumba wanatumwa kwenye safari ya hatari kumtafutia tiba. Msomaji ambaye hakusimuliwa na bibi yake hatajua kipi ni cha mapokeo na kipi ni cha mtunzi. Naye ana haki ya kuuliza: kwani Warigia, akiwa ameketi pale pale, alipungukiwa na nini hata asihesabiwe?