Mabawa ya Kipepeo na Swali la Muumba

Katika misitu ya Usambara, milima iliyo juu ya Mazinde na mashamba yake ya mkonge, huruka kipepeo aitwaye Papilio dardanus. Dume ni la manjano na jeusi, lenye mikia kwenye mabawa ya nyuma. Majike hayana mikia, na mengi huiga sura za vipepeo wengine ambao ndege huwakwepa kwa sumu yao.

Mwaka 1952 mwanahisabati Alan Turing alionyesha kwa hesabu kwamba kemikali mbili zinazoathiriana na kusambaa kwa kasi tofauti zaweza kuzaa madoa na milia pasipo mchoro wa awali. Mwaka 2000 Toshio Sekimura, Anotida Madzvamuse na wenzao walitatua milinganyo ya aina hiyo kwa kompyuta, juu ya umbo la bawa la kipepeo huyuhuyu, wakapata ruwaza zinazofanana na zake. Kufanana si ushahidi kwamba bawa hai hufuata njia hiyo. Bado kuna jeni za kuzingatia.

Je, ruwaza ikijitokeza kwa kanuni tu, Mpangaji anahitajika? Anayemweka Mungu kwenye mapengo ya elimu atamwona akirudi nyuma kila mlinganyo unapofaulu. Al-Ghazali, mwanateolojia wa Kiislamu aliyefariki 1111, hakuwa na hofu hiyo: kwake hata pamba ikiguswa na moto, anayeiunguza ni Mungu, na kanuni ni desturi Yake. Kwa hiyo mlinganyo haumwondoi Muumba. Wala (wahubiri hulisahau hili) haumthibitishi. Modeli hueleza madoa yanavyotokea. Kwa nini pawepo kanuni zozote ni swali lililo nje ya milinganyo yake.