Je, Dawa ni Bidhaa kama Bidhaa Nyingine?

Limeulizwa katika darsa letu suala hili: mgonjwa wa sukari ambaye hawezi kuishi ila kwa sindano ya insulini, akiuziwa kwa bei asiyoiweza, je, muuzaji ana dhambi? Wengine walijibu upesi kwamba mali ni ya mwenyewe, na kwamba Mtume (S.A.W.) alipoombwa na watu wa Madina awawekee bei, alikataa. Wakaona jambo limekwisha.

Sisi twaona halijaisha. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alipoandika juu ya hisba alieleza kwamba kukataa huko ni pale bei inapopanda kwa uchache wa vitu au wingi wa watu, pasina mtu kudhulumu. Ama wauzaji wakikizuia kitu ambacho watu wana dharura nacho, wasikitoe ila kwa bei ya kukomoa, yawapasa kulazimishwa wauze kwa thamani yake ya kawaida. Tena Qur'ani imeshurutisha biashara iwe ya kuridhiana. Anunuaye kwa kuchelea mauti ameridhia nini?

Na insulini haikuanza hivi. Kijana wa miaka 14 alidungwa huko Toronto Januari 1922, na mwaka 1923 Banting na wenzake wakakiuzia chuo kikuu cha huko haki ya uvumbuzi wao kwa dola moja moja. (Hao hawakuwa Waislamu, na wako watakaonuna tukiwasifu.) Leo kampuni tatu, Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi, zashika sehemu kubwa ya soko la dunia. Huko Marekani zilipandisha bei miaka mingi, hata wagonjwa wakawa wapunguza dozi, na wengine wakafa. Mwaka 2023 kampuni hizo zikatangaza kupunguza bei ya baadhi ya insulini zao kwa asilimia 70 na zaidi, wala hazikufunga milango. Basi ile asilimia 70 ilikuwa gharama ya nini?

Ama mwenye duka la dawa hapa mjini, aliyenunua kwa ghali akatia faida ya kiasi, hatumwoni na kosa. Afichaye chupa akingojea bei ipande, huyo ni mwenye ihtikari.

Lakini tusiyatupe yote kwa wauzaji. Mtu hugawanya dozi ya siku moja iwe ya siku mbili, na jamaa zake wajua. Akifa, hupikwa pilau ya hitma kwa masufuria, na watoaji hushindana. Pesa hizo zilikuwa wapi alipokuwa hai?

Na wako wasemao hakustahiki zaka kwa kuwa ana nyumba na kijiduka. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maskini ni yule mwenye kitu kisichomtosha haja zake, wala nyumba aikaayo haimtoi katika umaskini. Dawa yake ni katika haja zake, kama chakula. Apewe zaka, na apewe kabla ya sindano kumwishia.